Ufunguo wa Kompyuta Uwe Mikononi mwa Nani?

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilikoma kutoa matengenezo ya kawaida kwa mfumo endeshi wake uitwao Windows 10, uliokuwa umetumika duniani kwa miaka kumi. Mfumo uliofuata, Windows 11, ambao ulitolewa mwaka 2021, haukubali kila kompyuta. Hutaka mashine iwe na chipu ya usalama iitwayo TPM, toleo la 2.0, na kichakataji ambacho kwa kawaida si cha kabla ya mwaka 2018 hivi. Kwa masharti hayo mamilioni ya kompyuta zilizo nzima, zenye kioo kizuri, kibodi nzuri na diski nzuri, zimehesabiwa kuwa zimepitwa na wakati.

Jambo hili linaigusa Mpanda sawa na linavyoigusa miji mikubwa, na pengine zaidi. Shule ya sekondari iliyoko Inyonga, Karema au Usevya haiwezi kubadilisha kompyuta zake kila baada ya miaka mitatu. Ikipata mashine kumi, ziwe zimetoka Serikalini, katika Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, au kwa wafadhili waliokwisha kuzitumia kwingine, hutarajia kuzitumia mpaka zichakae kabisa. Mwalimu anapoambiwa kwamba mashine zake hazipati tena matengenezo, njia iliyo rahisi na isiyo na gharama ya leseni ni kuziwekea mfumo endeshi huria, kama vile Debian, Ubuntu au Linux Mint. Mifumo hiyo hupatikana bure, msimbo wake uko wazi kwa kila anayetaka kuusoma, na baadhi yake hufanya kazi vizuri katika mashine yenye umri wa miaka kumi au zaidi.

Hata hivyo, kuna swali ambalo lazima lijibiwe kwanza: je, mashine yenyewe itaukubali mfumo huo? Tangu mwaka 2012 kompyuta nyingi zinazouzwa hukagua saini ya kila mfumo endeshi kabla ya kuuruhusu kuanza, na saini isiyotambulika hukataliwa. Makala haya yanahusu ufunguo wa kufuli hilo. Hoja yake ni moja: kufuli ni jambo jema, lakini ufunguo wake hauna budi kuwa mikononi mwa mwenye kompyuta. Pasipo hivyo, uhuru ulioandikwa katika leseni za programu huria hubaki maneno matupu.

Fundisho la reli ya Mpanda

Wakazi wa Katavi wana mfano wao wenyewe wa jambo hili, nao ni wa zamani kuliko kompyuta yoyote nchini. Tawi la reli litokalo Kaliua hadi Mpanda, lenye urefu wa kilomita 210 hivi, lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 wakati wa utawala wa Kiingereza. Halikujengwa kwa ajili ya mkulima wala msafiri. Lilijengwa ili kusomba madini ya risasi kutoka machimbo ya Mukwamba, yaliyokuwa yakiendeshwa na kampuni ya Uruwira Minerals. Mwaka 1960 machimbo hayo yalifungwa. Reli haikung'olewa. Iliendelea kubeba abiria, mazao na bidhaa za madukani, na kwa miaka mingi ilikuwa njia ya kutegemewa ya kufika Mpanda, hasa wakati wa masika barabara zilipoharibika.

Reli hiyo iliweza kubadili kazi kwa sababu chuma chake hakiulizi behewa limebeba nini wala ni mali ya nani. Behewa lolote lenye magurudumu ya upana wa mita moja, ambao ndio upana wa reli hiyo, huweza kupita. Laiti kampuni ingaliweka pale Kaliua kifaa cha kuzuia kila behewa lisilo na lakiri yake, kisha ikaondoka na lakiri hiyo, reli ingalikufa siku moja na machimbo. Wananchi wangaliachiwa kilomita 210 za chuma kizima kisichofaa kitu.

Kompyuta kwa asili yake inafanana na reli hiyo. Ni mashine isiyo na kazi moja. Kazi yake hutokana na programu inayowekwa ndani yake. Leo ni chombo cha kuandikia barua, kesho ni maabara ya fizikia, keshokutwa ni daftari la zahanati. Thamani yake kwa mtu maskini imo katika uwezo huo wa kubadilika. Yeyote anayeshika ufunguo wa kuamua programu ipi iruhusiwe na ipi ikataliwe, huyo ndiye mwenye mashine kwa kweli, hata kama risiti ya ununuzi imeandikwa jina la mtu mwingine.

Jinsi kompyuta inavyoamka

Ili kuelewa kufuli lenyewe, yafaa kufuata hatua moja baada ya nyingine. Kompyuta inapowashwa, kichakataji hakijui lolote kuhusu Windows wala Linux. Kwanza husoma programu ya kiwandani, iliyohifadhiwa katika chipu ya bodi kuu. Katika mashine za siku hizi programu hiyo huitwa UEFI. Hiyo hutafuta diskini programu ndogo ya kuwashia. Programu ya kuwashia hukipakia kiini cha mfumo endeshi, na kiini ndicho kinachoziita programu nyingine zote, hata ile anayoiona mwanafunzi kwenye kioo.

Mnyororo huo una udhaifu wake. Programu haribifu ikijipenyeza katika hatua za mwanzo, huweza kujificha isionekane na hatua zote zinazofuata, kwa kuwa iliyotangulia ndiyo inayoitawala ile inayokuja nyuma yake. Hatari hiyo si ya kubuni. Mwaka 2018 watafiti walieleza programu haribifu iitwayo LoJax, iliyokaa katika chipu ya bodi kuu yenyewe. Diski ikibadilishwa, yenyewe hubaki. Mwaka 2023 ilielezwa nyingine, BlackLotus, iliyoshambulia hatua ya kuwashia.

Dawa iliyobuniwa ni kuifanya kila hatua iikague hatua inayofuata kabla ya kuikabidhi uongozi. Ukaguzi huo ndio uwashaji salama, ambao katika mipangilio ya mashine huandikwa Secure Boot. Sambamba nao ipo chipu ya TPM. Kila hatua hupimwa, na chipu hiyo huhifadhi kipimo chake. Huweza pia kutunza ufunguo wa diski na kukataa kuutoa endapo vipimo vimebadilika, na huweza kutoa ushahidi kwa mashine ya mbali kwamba kompyuta hii inaendesha programu fulani na si nyingine.

Saini inayoandikwa kwa hesabu

Saini inayotumika katika ukaguzi huo si ya kalamu. Ni hesabu, na mwalimu wa kidato cha tatu anaweza kuionyesha ubaoni kwa namba ndogo.

Chukua namba tasa mbili, 3 na 11. Zao lake ni 33. Mtia saini hutangaza kwa watu wote namba mbili, 33 na 3; huo ndio ufunguo wa wazi. Kwa siri hubaki na namba 7. Huo ndio ufunguo wa siri. Namba 7 haikuokotwa tu. Ukitoa moja katika kila namba tasa na kuzidisha, yaani 2 mara 10, hupata 20. Na 3 mara 7 ni 21, ambayo ikigawanywa kwa 20 hubakiza 1.

Sasa programu hufupishwa kwanza kuwa namba moja, ambayo hubadilika hata herufi moja ya programu ikibadilika. Ikiwa muhtasari huo ni 4, mtia saini huzidisha 4 kwa yenyewe hadi kipeo cha 7 na kupata 16,384. Akigawanya kwa 33 hupata 496, baki 16. Saini ni 16. Kompyuta inayokagua haijui siri ya 7. Huchukua 16, huipandisha hadi kipeo cha 3, yaani 4,096, kisha hugawanya kwa 33 na kupata 124, baki 4. Baki linalingana na muhtasari, basi programu hukubaliwa. Kama mtu ameichezea programu na muhtasari wake umekuwa 5, basi 4 na 5 hazilingani, na programu hukataliwa.

Kwa namba ndogo kama 33 kila mtu anaweza kugundua kwamba ilitokana na 3 na 11, na hivyo kuipata siri. Kwa sababu hiyo funguo za kweli hutumia namba yenye tarakimu zaidi ya 600, ambayo hakuna njia inayojulikana ya kuigawanya katika namba tasa zake kwa kompyuta za leo.

Hesabu hiyo haina upendeleo. Haijui Marekani wala Tanzania, haijui tajiri wala maskini. Huthibitisha jambo moja tu: kwamba aliyetia saini ni yule mwenye siri. Haisemi kama mwenye siri ni mwema, wala haisemi kama ana haki ya kuamua. Hilo ni suala la jamii, na hapo ndipo mjadala unapoanza.

Nani ameshika ufunguo?

Mwaka 1999 kampuni tano, Compaq, Hewlett-Packard, IBM, Intel na Microsoft, ziliunda umoja wa kubuni kile walichokiita kompyuta ya kuaminika. Mwaka 2003 kazi hiyo ilichukuliwa na umoja mpana zaidi, uitwao Trusted Computing Group, ambao ndio unaotoa kanuni za chipu ya TPM. Tangu mwanzo wataalamu waliuliza: ya kuaminika kwa nani? Profesa Ross Anderson wa Chuo Kikuu cha Cambridge alikuwa miongoni mwa walioonya kwamba mashine inaweza kujengwa ili kampuni ziiamini, huku mwenyewe asiaminiwe nayo. Richard Stallman, mwanzilishi wa harakati za programu huria mwaka 1983, alionya vivyo hivyo.

Mwaka 2012, pamoja na Windows 8, uwashaji salama uliingia katika kompyuta za kawaida. Kila mashine iliyotaka nembo ya Microsoft ilitakiwa iwe na funguo za wazi za kampuni hiyo ndani yake. Kwa kompyuta za kawaida zilizotumia vichakataji vya aina ya Intel na AMD, Microsoft yenyewe iliweka sharti kwamba mtumiaji aweze kulizima kufuli na kuingiza funguo zake mwenyewe. Kwa vifaa vya Windows vilivyotumia vichakataji vya ARM, sharti lilikuwa kinyume: kufuli lisizimike. Ilipofika mwaka 2015, pamoja na Windows 10, sharti la kuweza kulizima katika kompyuta za kawaida likaachwa kwa hiari ya mtengenezaji. Kwa miaka mitatu tu, kilichokuwa haki ya mnunuzi kikawa hisani ya kiwanda.

Watengenezaji wa mifumo huria walijikuta njia panda. Wakikataa, mifumo yao isingewaka katika mashine mpya bila mtumiaji kuingia katika mipangilio ambayo wengi huiogopa. Wakikubali, wangelazimika kuomba saini ya mshindani wao. Walichagua njia ya kati: programu ndogo ya kuwashia iitwayo shim, ambayo hutiwa saini na Microsoft, kisha yenyewe hukagua kiini cha Linux kwa funguo za watengenezaji au za mwenye mashine. Ni ufumbuzi wa busara, nao umewasaidia wengi. Lakini maana yake ni kwamba Linux inayowekwa Mpanda, iliyotengenezwa na watu wa mataifa mengi kwa kujitolea, katika mashine nyingi huanza kwa kibali cha kampuni moja iliyoko Marekani.

Athari zake zimekwisha kuonekana. Agosti 2024 marekebisho ya usalama ya Windows yalizifanya kompyuta nyingi zilizokuwa na mifumo miwili, Windows na Linux, zikatae kuiwasha Linux. Hapakuwa na nia mbaya. Lilikuwa kosa katika kutambua mashine zenye mifumo miwili. Hata hivyo wenye mashine hawakuulizwa. Kadhalika, vyeti vya funguo za Microsoft vya mwaka 2011 viliwekewa ukomo kuanzia Juni 2026, na vipya vya mwaka 2023 vimetolewa kuchukua nafasi yake. Programu iliyokwisha kutiwa saini huendelea kuwaka, kwa kuwa mashine kwa kawaida haiangalii tarehe. Lakini mashine isiyopokea ufunguo mpya haiwezi kuikubali programu mpya iliyotiwa saini kwa ufunguo huo pekee.

Mwalimu wa Mpanda na afikirie maana yake. Kompyuta ya mwaka 2014, ambayo kiwanda chake kimekwisha kuisahau, haitaletewa ufunguo mpya na mtengenezaji wake. Ikiwa mipangilio yake inafunguka, kazi ni ya dakika chache: mwenyewe huongeza ufunguo au hulizima kufuli. Ikiwa mipangilio imefungwa kwa nywila ambayo mmiliki wa kwanza aliiweka na kuondoka nayo, mashine nzima inageuka mzigo. Fundi wa kiwanda hayupo Mpanda, na nauli ya kuipeleka mashine hiyo Dar es Salaam na kuirudisha yaweza kukaribia bei yake.

Leseni haitoshi

Wapo wanaodhani kwamba leseni huria yenyewe ni kinga ya kutosha. Historia haikubaliani nao. Kampuni ya TiVo ya Marekani iliuza vifaa vya kurekodia vipindi vya televisheni vilivyotumia Linux. Ilitimiza masharti ya leseni kwa kutoa msimbo. Lakini mtu aliyeurekebisha msimbo huo na kuurudisha katika kifaa chake mwenyewe aligundua kwamba kifaa kinaukataa, kwa kuwa haukuwa na saini ya kampuni. Alipewa kitabu akisome, akaruhusiwa kukisahihisha, ila akakatazwa kutumia nakala aliyoisahihisha.

Kutokana na mkasa huo, toleo la tatu la leseni ya GPL, lililotolewa mwaka 2007, lilidai kwamba anayeuza kifaa cha matumizi ya nyumbani chenye programu ya leseni hiyo atoe pia maelezo na funguo zinazohitajika ili programu iliyorekebishwa ifanye kazi. Lakini kiini cha Linux, kilichoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, kimebaki chini ya toleo la pili la leseni. Kwa hiyo pengo hilo lingali wazi katika programu inayoendesha simu na vifaa vingi zaidi duniani.

Uhuru unaweza kupungua kwa njia nyingine pia. Desemba 2020 kampuni ya Red Hat, iliyokuwa imenunuliwa na IBM mwaka 2019, ilitangaza kwamba mfumo huria wa CentOS Linux 8, uliotegemewa na vyuo na ofisi nyingi, ungekoma mwisho wa mwaka 2021 badala ya mwaka 2029 kama ilivyotarajiwa. Waliojenga mipango yao juu ya ahadi ya kampuni moja walilazimika kuhama upesi. Kwa upande mwingine, Debian, iliyoanzishwa mwaka 1993, huendeshwa na wanachama wanaojitolea, nao humchagua kiongozi wao kwa kura. Mfumo wa namna hiyo hauwezi kuuzwa kwa mnunuzi mmoja. Anayechagua mfumo kwa ajili ya shule yafaa atazame ni nani anayeuendesha, pamoja na kutazama leseni yake.

Kufuli lililo mfukoni

Wanafunzi wengi wa Katavi hawajamiliki kompyuta, lakini simu wanazijua. Simu nyingi za mguso zinazouzwa nchini hutumia Android, ambayo kiini chake ni Linux. Ni mfumo wenye msimbo wazi kwa sehemu kubwa, lakini aghalabu hatua yake ya kuwashia imefungwa na kiwanda. Matoleo mapya yakikoma baada ya miaka miwili au mitatu, mwenye simu hana njia ya kuweka mfumo mwingine, hata kama chuma chake kingali kizima.

Mfano ulio dhahiri zaidi ni simu za mkopo. Mteja asipolipa kwa wakati, simu hujifunga, na programu inayoifunga haiondoki hata simu ikifutwa na kuanzishwa upya. Mkataba wa namna hiyo unaeleweka, kwa kuwa mkopeshaji angali ana haki katika kifaa, na bila kufuli wengi wasingepata simu kabisa. Ila deni likiisha kulipwa, haki hiyo inakwisha, na kufuli halina budi kuondoka nayo. Katika kompyuta na simu zinazonunuliwa kwa fedha taslimu, hakuna deni lolote linalohalalisha ufunguo kubaki kwa muuzaji.

Agosti 2025 kampuni ya Google ilitangaza mpango kwamba, kuanzia nchi chache mwaka 2026 na nyingine baadaye, simu za Android zenye kibali chake zikubali tu programu za watengenezaji waliojiandikisha kwake, hata zile zisizopitia duka lake. Baada ya malalamiko iliahidi kuacha njia maalumu kwa watumiaji wazoefu. Nia iliyotajwa ni kupambana na matapeli, na utapeli wa simu Watanzania wanaujua vizuri. Lakini fikiria mwanafunzi wa Mpanda anayetunga programu ndogo ya kuonyesha bei ya mahindi sokoni, akitaka kuwapa wenzake ishirini. Haifai ajitambulishe kwanza kwa kampuni ya ng'ambo ili jirani yake aweze kuijaribu.

Hoja za upande wa pili

Wanaotetea kufuli la kiwanda wana hoja nzito, nazo zistahili kujibiwa.

Hoja ya kwanza ni kwamba mtumiaji wa kawaida hawezi kutunza funguo, na akiachiwa atadanganywa na matapeli. Ni kweli kwamba wengi hawatagusa mipangilio hiyo maishani mwao. Lakini jibu si kumnyang'anya kila mtu uwezo. Mashine inaweza kuuzwa ikiwa imefungwa kwa funguo za kiwanda, na mwenyewe akaachiwa njia ya wazi ya kuzibadilisha, yenye onyo la kutosha na inayomtaka awe mbele ya mashine kwa mikono yake. Hilo linawezekana. Simu za Pixel za Google huweza kufunguliwa na mwenyewe, zikawekewa mfumo mwingine, kisha zikafungwa tena kwa ufunguo wa mfumo huo mpya. Usalama na umiliki vinakaa pamoja pale mtengenezaji anapotaka.

Hoja ya pili ni wizi. Kompyuta za shule huibwa, na chipu inayoifunga diski humfanya mwizi asipate chochote humo. Hilo nalo ni kweli, na ni sababu nzuri ya kutumia TPM. Linux huitumia TPM vizuri tu. Chipu hiyo haina ubaya wowote ikiwa inamtumikia mwenye mashine.

Hoja ya tatu husemwa na wenyeji wenyewe: Katavi ina matatizo makubwa zaidi, kama vile umeme, madarasa na uhaba wa walimu wa sayansi, mambo ya funguo yasubiri. Jibu ni kwamba sharti la ufunguo linagharimu kidogo sana likiwekwa siku ya kununua, na linagharimu mashine nzima likisahauliwa. Mkoa wenye fedha chache ndio usioweza kumudu kununua kitu kilekile mara mbili.

Kati ya marufuku na utegemezi

Tanzania imekwisha kupita katika njia mbili zilizo mbaya, na haina haja ya kuzirudia. Mwaka 1965 Wizara ya Fedha ilifunga kompyuta aina ya ICT 1500, ambayo ndiyo iliyokuwa ya kwanza nchini. Mitambo ya wakati huo ilitegemea sana wataalamu wa kigeni, na jitihada za kuweka hesabu za Serikali katika kompyuta zilileta hasara. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, isipokuwa kwa kibali. Marufuku hiyo ililegezwa polepole hadi soko lilipofunguliwa katika miaka ya 1990.

Kosa la kwanza lilikuwa kupokea mashine bila kupokea uwezo wa kuitawala. Kosa la pili lilikuwa kuikataa mashine yenyewe, na hivyo kuwanyima vijana wa kizazi kizima nafasi ya kujifunza. Njia ya tatu ni kuipokea kwa masharti.

Kwamba Watanzania wanaweza kufanya kazi ya maana pale msimbo unapokuwa wazi, hilo limekwisha kuthibitishwa. Mwaka 2004 wataalamu wa kompyuta na wa lugha wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao wa Sweden, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Hawakuhitaji kumwomba mtu ruhusa, kwa kuwa leseni iliwapa. Kadhalika mfumo wa taarifa za afya wa DHIS2, uliotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Oslo, umerekebishwa na wataalamu wa hapa nchini na kuenezwa katika halmashauri zote, zikiwamo za Katavi. Wahenga walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Kazi hizo mbili zinaonyesha kwamba si lazima kumtegemea nduguye, mradi mlango uko wazi.

Yapasayo kufanywa

Mambo manne yanaweza kufanywa bila kungoja sheria mpya ya kimataifa.

(a) Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 imeipa Mamlaka ya Serikali Mtandao wajibu wa kuweka viwango vya vifaa na mifumo ya umma. Kiwango kimoja kiongezwe: kompyuta yoyote inayonunuliwa kwa fedha za umma iwe na uwezo wa kupokea funguo za mwenyewe na wa kuzima uwashaji salama, na nywila ya mipangilio ikabidhiwe kwa taasisi pamoja na mashine.

(b) Halmashauri na shule zinazopokea misaada zimtake mfadhili, kwa maandishi, aondoe nywila zake na kufuta usajili wa kifaa katika taasisi yake ya zamani kabla ya kukisafirisha. Kompyuta ndogo za aina ya Chromebook, kwa mfano, zikiwa bado zimesajiliwa kwa shule ya ng'ambo, hurudi kwenye utawala wa shule hiyo kila zinapofutwa. Msaada wa namna hiyo haujakabidhiwa bado, hata kama umefika Mpanda.

(c) Vyuo vikuu na vyuo vya ualimu vifundishe mnyororo wa kuamka kwa kompyuta na maana ya saini ya kidijitali. Mwalimu anayejua tu kubonyeza vitufe vya programu moja anaweza kuachwa mikono mitupu siku programu hiyo inapobadilishwa.

(d) Shule yenyewe iweke daftari la mashine zake. Kwa kila kompyuta yaandikwe: mwaka wa kutengenezwa, kama ina TPM na ya toleo gani, kama uwashaji salama unazimika, na nywila ya mipangilio inatunzwa na nani. Kazi hii inaweza kufanywa na wanafunzi wa kidato cha pili chini ya usimamizi wa mwalimu, kwa alasiri moja, nao watajifunza kutokana nayo mengi kuliko kwa kukariri sehemu za kompyuta ubaoni.

Daftari hilo likikamilika, shule itajua ni mashine ngapi kati ya zile zilizomo maabara ambazo ni zake kweli, na ni ngapi ambazo zimekaa kwake tu huku ufunguo ukiwa kwingine. Za aina ya kwanza zinaweza kuwekewa mfumo huria na kutumika kwa miaka mingine mitano au zaidi. Kuhusu za aina ya pili, waliozitoa waandikiwe barua mapema, wangali wanapatikana na wangali wanakumbuka nywila waliyoiweka.